Fulana moja ghali, mia rahisi: jinsi skrini inavyochapa

Ukiingia kwenye karakana ya fulana pale Ngamiani, Tanga, ukataka fulana moja tu yenye nembo ya kikundi chenu, fundi atakuuliza, "Moja tu?" Hakudharau. Mwambie unataka mia, uone bei ya kila fulana inavyoporomoka, mpaka ujiulize kama mwanzoni alitaka kukupiga. Wengi hutoka hapo wakiamini bei za uchapaji ni za kutunga kichwani. Bei hiyo lakini imetokana na kazi yenyewe ilivyo. Mtu akishaelewa skrini inavyofanya kazi, ataelewa pia kwa nini rangi nyingine hubanduka baada ya kufuliwa mara mbili, kwa nini fundi hukunja uso akiletewa picha ya kwenye simu, na kwa nini fulana nyeusi humtoa jasho kuliko nyeupe.

Uchapaji wa skrini ni kazi ya kuziba. Una fremu ya mbao au ya aluminiamu, juu yake umewambwa wavu mwembamba sana. Mahali pasipotakiwa kupitisha rangi pamezibwa. Panapotakiwa pameachwa wazi. Rangi inawekwa juu ya wavu, inavutwa kwa ubao wenye ulimi wa mpira ambao mafundi huuita skwiji, inapenya kwenye matundu yaliyo wazi na kutua kwenye kitambaa kilicholazwa chini. Chukua chekecheke la unga, lizibe kwa makusudi libaki wazi umbo la herufi tu, na umeshaipata skrini. Ujuzi, gharama na lawama nyingi ziko kwenye huko kuziba na kwenye joto linalofuata baadaye. Kuvuta rangi kwenyewe ni sekunde chache.

Tufanye hesabu ya mfano, ambayo si bei ya mtu yeyote. Tuseme kutengeneza skrini moja, tangu filamu mpaka kuoshwa, ni shilingi 30,000 za vifaa na muda, na kupiga rangi fulana moja ni shilingi 1,000. Fulana ikiwa moja itabeba 31,000 peke yake, na hapo hujanunua fulana yenyewe. Zikiwa mia, zitagawana ile 30,000 na kila moja itabeba 300, jumla 1,300. Nembo ikiwa na rangi tatu, skrini ni tatu, yaani 90,000 kabla ya tone la rangi kugusa kitambaa. Kila rangi ina skrini yake, na hapo hakuna ujanja wa kukwepa.

Wavu zamani ulikuwa wa hariri. Leo karibu wote ni wa poliesta, isiyonyonya maji na isiyolegea ovyo. Ukiwambwa vizuri, ukiugonga kwa kidole unalia. Wavu una namba: 43 maana yake nyuzi 43 katika kila sentimita, ambazo kwa inchi ni kama 110. Huo ndio wavu wa kazi nzito za fulana, wa herufi kubwa na rangi nyeupe ya kukolea juu ya kitambaa cheusi. Wavu wa 77 hubeba mistari myembamba zaidi, na wa 120 hutumika kwa picha za nukta ndogondogo. Namba ikipanda, matundu yanakuwa madogo, rangi inayopita inapungua na ncha za mchoro zinakuwa kali. Ukitumia wavu wa picha kwa herufi nyeupe juu ya fulana nyeusi, utapata herufi za kijivu, na mteja atasema fundi kabania rangi.

Sasa kuziba kwenyewe. Wavu huoshwa kwa sabuni utoke mafuta yote, kisha hupakwa emulsheni, ambayo mafundi wengi huiita dawa tu. Ni uji mzito wenye rangi, na sifa yake moja ndiyo inayobeba ufundi wote huu: ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, ule ule wa juani unaotuunguza ngozi, inakuwa ngumu na maji hayaitoi tena. Isipopigwa na mwanga huo inabaki laini na huyeyuka kwa maji ya kawaida. Kwa hiyo hupakwa kwenye chumba chenye giza au chini ya taa ya manjano, ambayo haina mwanga huo, na huachwa ikauke huko huko gizani.

Hapa ndipo pwani inapomtesa fundi. Tanga ni mji wa unyevu, na msimu wa masika hata chumvi mezani hulowa. Dawa inayokauka kwa saa moja au mbili mahali pakavu, hapa inaweza kukaa mchana kutwa na bado ndani ikawa na maji. Ukiishika kwa kidole unaona imekauka. Ukiichoma hivyo, yaani ukiipiga mwanga ili igande, haishiki sawasawa: wakati wa kuosha inavuka kama ganda, au inatoboka vitundu vidogo ambavyo baadaye vinamwagia fulana nyeupe madoa ya rangi kifuani. Anayejua kazi anaweka feni, anafunga chumba, wengine hutengeneza kasha la kukaushia lenye joto la wastani. Anayeharakisha husema dawa ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli, sikatai, lakini mara nyingi tatizo ni maji yaliyobaki ndani.

Dawa ikishakauka, mchoro huletwa kwenye filamu, yaani karatasi angavu iliyochapwa kwa wino mweusi tii. Wapo wanaotumia karatasi ya kunakilia ramani, na wapo wanaochapisha kwenye karatasi ya kawaida na kuipaka mafuta ya kula ili ipitishe mwanga. Njia hiyo inafanya kazi, ila ncha za herufi hazitoki kali. Filamu hubanwa juu ya wavu kwa kioo, chini huwekwa kitu cheusi ili mwanga usirudi kwa nyuma, kisha skrini huchomwa. Karakana zenye uwezo zina sanduku la taa. Nyingine hutumia jua, na Tanga iliyo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta haina uhaba wa jua la saa sita. Shida ya jua ni kwamba halina swichi wala kipimo. Wingu likipita, dakika zako zinabadilika. Kwa hiyo fundi makini hufanya majaribio kwanza: anafunika kipande cha skrini kwa kadibodi na kuisogeza kidogo kidogo, ili sehemu moja ipate mwanga wa muda mfupi na nyingine wa muda mrefu, kisha anaosha aone ipi imeshika.

Kuosha ndiko kunakopendeza kutazama. Maji yakimwagwa, mwanzoni huoni kitu, wavu wote ni rangi moja. Baada ya nusu dakika hivi pale palipokuwa na wino mweusi panaanza kung'aa, dawa inatiririka, na herufi zinafunguka moja moja kuanzia kwenye kingo. Fundi anainua fremu juu kuelekea dirishani na kufunga jicho moja. Anatafuta vitundu. Akiviona anaviziba kwa brashi yenye dawa kidogo, na kingo za fremu anazibandika utepe wa gundi ili rangi isichungulie pembeni.

Kwenye kupiga rangi, watu wengi hudhani wavu hulala juu ya kitambaa. Haupaswi kulala. Huachwa mwanya wa milimita mbili tatu, na skwiji inapopita inaubonyeza ule mstari mmoja tu uliogusana na mpira. Ikishapita, wavu unaruka kurudi juu na kuiacha rangi chini. Mwanya usipokuwepo, wavu unang'ang'ania kitambaa na herufi zinavimba. Skwiji huinamishwa kidogo kuelekea inakokwenda; ukiilaza sana rangi inapita nyingi na kutambaa. Kati ya fulana na fulana, fundi huivuta rangi juu ya wavu bila kubonyeza ili kuyajaza matundu. Hilo ni la lazima hasa kwa rangi za maji, maana upepo wa baharini ukipita dirishani zinakauka ndani ya wavu, na skrini iliyoziba katikati ya oda ya fulana 200 ni balaa.

Rangi ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya maji: chembe za rangi na gundi yake ndani ya maji. Inaingia ndani ya nyuzi, ukipitisha mkono husikii kitu, na kwa fulana nyeupe au za rangi hafifu hakuna inayoipita. Ya pili ni plastisoli, yaani chembe za plastiki ya PVC zinazoelea ndani ya mafuta maalumu ya kulainishia. Hii inakaa juu ya kitambaa, inafunika vizuri hata juu ya nyeusi, na ina tabia moja ya ajabu: haikauki kwa hewa. Iache kwenye skrini usiku kucha, asubuhi utaikuta vilevile. Mafundi wanaipenda kwa hilo, na hilo hilo ndilo linalozaa malalamiko ya rangi kubanduka.

Maana plastisoli haikauki, inaiva. Inahitaji kufika kama nyuzi 160 za Selsiasi, unene wote wa rangi, si ngozi ya juu tu. Kabla ya hapo itaonekana imekauka, haitachafua mkono, utaikunja na kuitia mfukoni, lakini chembe hazijaungana. Ikiingia kwenye beseni la sabuni inaanza kupasuka na kudondoka. Rangi ya maji nayo inataka joto linalokaribia hilo, tena kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu maji lazima yatoke kwanza ndipo gundi ishike.

Nilishawahi kumsikia mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa akimshukia fundi: "Mwanangu, mbona umetuaibisha? Kifuani nimebaki na nusu jina." Fundi akamjibu taratibu, "Samahani mama, rangi haikuiva. Mlitaka saa nne na sherehe saa sita, umeme nao ulikatika, ikabidi nipige pasi." Pasi inaweza kuivisha rangi, hata ya mkaa, ikiwekwa karatasi katikati na kupitishwa polepole kila sehemu. Lakini pasi ni ndogo, joto lake halilingani, na mtu aliyechoka huikosa kona moja kila fulana tatu. Ukitaka kujua kama zako zimeiva, livute andishi kwa vidole viwili upande huu na huu. Likinyumbuka na kurudi, limeiva. Likipasuka mistari, lirudishe kwenye joto kabla hujalipa. Na nyumbani usipige pasi moja kwa moja juu ya plastisoli, geuza fulana ndani nje.

Jezi zina mtego wao. Poliesta nyekundu ikipashwa joto kali, rangi yake huachia nyuzi na kupanda mpaka kwenye namba nyeupe uliyochapa mgongoni. Siku ya kwanza namba ni nyeupe pe, wiki ijayo ni ya waridi. Dawa yake ni rangi inayoiva kwa joto la chini, au tabaka la kuzuia linalopigwa kwanza. Katika mji wenye mashabiki wa mpira kama Tanga, anayechapa jezi asipolijua hili atagombana na timu nzima.

Kuhusu fulana nyeusi na picha. Rangi nyingi zikipigwa moja kwa moja juu ya nyeusi hufifia, kwa hiyo fundi hupiga nyeupe kwanza, anaipasha joto kidogo isigandie skrini inayofuata, kisha anapiga rangi zenyewe juu yake. Hiyo nyeupe ni skrini ya ziada na mzunguko wa ziada, ndiyo maana bei inapanda. Picha nayo ina shida nyingine: skrini haijui kuchapa kijivu. Tundu ama liko wazi ama limezibwa. Ili sura ya mtu itoke, picha huvunjwa kuwa nukta, kubwa penye kivuli na ndogo penye mwanga, na jicho kwa mbali huziunganisha. Kwa picha ya rangi zote hutumika skrini nne: samawati, zambarau nyekundu, manjano na nyeusi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp mara tano, ikabanwa kila mara, haina cha kuvunja. Fundi akikuomba picha halisi, mpe halisi.

Asili ya haya ni mbali. Uchina enzi za Song, kati ya mwaka 960 na 1279, tayari walikuwa wakipitisha rangi kwenye violezo, na Wajapani waliufikisha ufundi huo mbali sana, wakiunganisha vipande vyembamba vya kiolezo kwa nywele na baadaye nyuzi za hariri ili visidondoke. Ndivyo hariri ilivyoingia. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipata hataza ya kuchapa kwa kupitisha rangi kwenye hariri iliyowambwa, na miaka iliyofuata ikaja dawa ya kuchomwa kwa mwanga. Wasanii waliingia baadaye; mwaka 1962 Andy Warhol wa Marekani alianza kuchapa sura za watu maarufu kwa skrini, na kazi ya mabango na maboksi ikaanza kutundikwa kwenye kuta za makumbusho.

Kwetu, kazi kubwa kuliko fulana ni khanga. Huwezi kutengeneza mita elfu kwa fremu ya mkono, kwa hiyo viwanda hutumia skrini zilizoviringishwa. Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ilileta mashine ambayo wavu wake ni silinda ya chuma cha nikeli, skwiji na rangi vikiwa ndani yake. Kitambaa kinapita chini bila kusimama, makumi ya mita kwa dakika, na silinda ni moja kwa kila rangi, sheria ileile ya karakana ya Ngamiani. Itazame khanga kwa makini penye mpaka wa rangi mbili, pale pindo linapokutana na mji: ukiona ukanda mwembamba mweupe au nyekundu imepanda juu ya nyeusi, hapo skrini moja ilisogea unywele mmoja. Wenye duka hawakuonyeshi hilo, lakini mama zetu wanaliona kabla hawajashika bei.

Kinachonishangaza mimi ni vitu ambavyo hatuvihesabu kuwa vimechapwa. Chukua chupa ya soda ya kurudisha: yale maandishi meupe ni unga wa kioo wenye rangi uliopitishwa kwenye skrini kisha ukachomwa tanuruni mpaka ukawa sehemu ya chupa, ndiyo maana inaoshwa kiwandani mara nyingi na jina halitoki. Ukanda mweusi unaozunguka kioo cha mbele cha gari umechapwa hivyo hivyo, na kazi yake ni kuikinga gundi ya kioo isiharibiwe na jua. Ile mistari ya kahawia kwenye kioo cha nyuma, inayoondoa ukungu, ni madini ya fedha yaliyopitishwa kwenye wavu.

Fedha hiyo hiyo iko juu ya paa. Paneli ya sola ina mistari myembamba ya kung'aa, mara nyingi myembamba kuliko unywele, inayokusanya umeme. Ni uji wa madini ya fedha uliochapwa kwa skrini na kuchomwa. Mstari ukiwa mnene unaziba jua, ukiwa mwembamba kupita kiasi umeme unapita kwa shida, na fedha ni ghali, kwa hiyo wahandisi wanagombania upana ambao fundi wa fulana angeuita vumbi. Vijiti vingi vya kupimia sukari ya damu navyo vina njia za kaboni zilizochapwa kwa skrini kwenye plastiki, na bodi nyingi za saketi ndani ya redio zimepakwa ile rangi ya kijani na maandishi meupe kwa ufundi uleule. Sababu ya skrini kupendwa huko ni moja: hakuna njia nyepesi ya kuweka tabaka nene la kitu chochote kinachotiririka, mahali unapotaka tu, juu ya karibu kitu chochote kilicho bapa.

Siku hizi mtaani kuna wapinzani. Mashine ya DTF (direct-to-film) huchapa mchoro wa rangi zote kwenye filamu, unanyunyiziwa unga wa gundi na kubanwa kwa joto juu ya fulana. Haina skrini, kwa hiyo moja na mia hazitofautiani sana bei, na picha ya marehemu babu kwa fulana sita za familia nisingeipeleka kwingine. Sablimesheni inageuza rangi kuwa mvuke unaoingia kwenye nyuzi. Nzuri mno kwa jezi, lakini inataka poliesta ya rangi hafifu, kwenye pamba haishiki. Vinaili, plastiki nyembamba inayokatwa kwa mashine, inafaa majina na namba. Kwa fulana 12 au 15 za rangi nyingi, leo DTF inashinda. Zikifika hamsini za rangi moja au mbili, sare za mahafali, maulidi, kampeni au vikoba, skrini inarudi kuwa mfalme, na katika jua na jasho la pwani, rangi ya maji iliyoiva vizuri inapumua kuliko filamu iliyobandikwa kifuani.

Jambo moja linalosahaulika wakati wa kuagiza: skrini uliyolipia inaweza kutunzwa. Fundi asipoambiwa, ataivua dawa kesho yake ili atumie wavu kwa kazi nyingine, na ana haki, kwa sababu fremu ni mtaji. Kama kikundi chenu huchapisha nembo ileile kila mwaka, kubaliana naye tangu mwanzo aiweke, hata kwa kumwongeza bei ya fremu, na uandike jina lenu ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Mwakani mtalipia rangi na fulana tu.